Hakuwepo, Mara Tano

Mwalimu mstaafu alifika karakana asubuhi ya Ijumaa akisukuma kiti chake cha kuegemea juu ya toroli la kuazima, na juu ya kiti ameweka karatasi iliyokunjwa mara nne. Kiti kilikuwa kimebonyea katikati kwa miaka kumi na saba ya kusahihisha madaftari. Shemeji alikibonyeza mara moja tu kwa kiganja, akajua kwamba sponji imekufa na mikanda ya chini imelegea yote.

"Hiki si cha kutengeneza, Mwalimu. Hiki ni cha kuzaliwa upya."

"Kizae tu, Shemeji. Mgongo wangu haujui kukaa penginepo."

Mji mzima ulimwita Shemeji. Mkewe alikuwa mbunge wa mji huo, tena binti wa hapo hapo, kwa hiyo yeye akawa shemeji wa kila mtu, kuanzia muuza mkaa hadi mkuu wa polisi. Lilikuwa jina la upendo. Lilikuwa pia jina la mtu aliyetoka kwingine. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, akavuka akiwa fundi makochi kijana, na mpaka leo, ndevu zikiwa zimeingia mvi, aliishi kwa kibali kinachogongwa muhuri kila baada ya miaka miwili. Hata karakana hii, ambayo aliijenga tofali kwa tofali, iliandikwa kwa jina la mkewe, maana sheria haikumruhusu mtu wa nje kumiliki ardhi.

Ndiyo maana Muswada wa Shirikisho, kwa wengine habari ya redioni, kwake ulikuwa habari ya nyumbani. Nchi nne jirani zilitaka kuwa dola moja, yenye bunge moja, rais mmoja na raia wa aina moja. Kwa miaka mitatu muswada ulikuwa ukiingia bungeni kipande kwa kipande, na mara tano ulipigiwa kura. Kura ya sita, ya mwisho, ilikuwa Jumanne inayokuja.

"Umeiona hii?" Mwalimu akauliza, akiikunjua karatasi.

Wanasheria fulani vijana walikuwa wamepekua kumbukumbu za Bunge na kuchapisha kura za kila mbunge kuhusu Shirikisho. Karatasi ilikuwa imebandikwa sokoni, posta na kwenye mlango wa kinyozi. Mwalimu alikuwa ameibandua ile ya kinyozi bila hata kuisoma.

"Nilitaka uiweke mahali pa kumbukumbu," akasema, "maana mke wako ametutetea. Mara tano amesema Hapana. Ardhi yetu haiendi kwa mtu." Hapo akakumbuka anaongea na nani, akakohoa. "Si kwa ubaya, Shemeji."

Shemeji alicheka. "Hapana ya wapi, Mwalimu? Mke wangu amesema Ndiyo. Mara zote tano. Aliniambia mwenyewe."

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakainama juu ya karatasi, na Mwalimu, kwa mazoea ya kazi, akaufuata mstari kwa kidole. Jina la jimbo lilikuwapo. Mbele yake palikuwa na vyumba vitano, na katika kila chumba neno moja: Hakuwepo. Hakuwepo. Hakuwepo. Hakuwepo. Hakuwepo.

"Labda wamekosea," Mwalimu akasema.

"Mara moja wangekosea."

Kwa kuwa hapakuwa na kiti kizima karibu, waliketi kwenye kochi lililovuliwa nguo, juu ya mbao tupu, wazee wawili walioamini mambo mawili yanayopingana kuhusu mwanamke mmoja. Shemeji alikuwa akimwaza kaka yake mkubwa, ng'ambo. Mara ya mwisho alipokwenda kumsalimia, alijitapa mezani mbele ya ndugu wote kwamba mkewe anapigana peke yake bungeni ili mipaka iondoke. Kaka akamhamishia kiti cha mbele, akamjazia sahani mwenyewe, akasema kumbe huyu shemeji yetu ni mwanamke na nusu. Aibu ilimpanda Shemeji taratibu kutoka shingoni.

"Kiti chako kitakuwa tayari Jumanne," akasema.

*

Mheshimiwa alifika nyumbani saa kumi na mbili jioni, viatu mkononi, simu mbili zikimlilia ndani ya mkoba. Meza ilikuwa imeshaandaliwa. Wiki zote alizorudi kutoka bungeni, mumewe ndiye aliyepika siku ya Ijumaa, na hakuacha kupika leo kwa sababu ya kununa.

"Karibu, Mheshimiwa," akasema.

Binti yao, aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la dawa na bado amevaa koti jeupe, aliinua uso. Nyumbani kwao neno hilo lilitumika tu mambo yakiharibika.

"Umeiona," mama akasema.

"Mwalimu kaniletea."

"Mwenyekiti wa chama kanipigia mara nne njiani. Kesho wananiita shuleni, nijieleze."

"Mwenyekiti atajua la kwake. Mimi nianze na langu. Ile kura ya kwanza, uliporudi, uliniambia nini?"

Alikumbuka vizuri mno. Alikuwa amesimama palepale, kwenye kizingiti cha jiko. "Nilikuambia, usijali, nimekukumbuka."

"Na ulinikumbuka ukiwa wapi?"

Mheshimiwa alitazama vidole vyake. "Chooni."

Binti alipaliwa na maji. Hakuna aliyempiga mgongoni.

Na hapa tumtendee haki: hakuwahi kusema uongo. Alisema nusu, akawaachia watu wamalizie. Nyumbani alisema, nimekukumbuka, mumewe akasikia Ndiyo. Sokoni alisema, ardhi yenu iko mikononi mwangu, sokoni wakasikia Hapana. Wote walifurahi, naye hakuwa na ujasiri wa kuwapunguzia furaha.

"Kuna kipaza sauti chooni," akasema polepole, "juu ya kioo, ili wabunge wasikie kengele ya kura. Karani anaita jina la kila jimbo mara mbili. Siku ile ya kwanza tumbo lilinivuruga kweli, si hila. Akaita mara ya kwanza, nikasema natoka. Akaita ya pili, mguu haukunyanyuka. Nikiingia nikasema Hapana, nitakutazamaje wewe. Nikisema Ndiyo, nitawatazamaje wao. Akasema, hakuwepo, akaenda jimbo linalofuata. Nikajikuta namshukuru."

"Na hizo nne nyingine?"

"Hizo nilikwenda kwa miguu yangu."

Shemeji hakuwa mtu wa kupaza sauti. Aliisogeza sahani ya mkewe karibu naye kidogo, bila kumtazama.

"Ungesema Hapana," akasema, "ningekasirika. Ningenuna wiki mbili, ungenibembeleza, yangeisha. Sasa hata sijui nikasirikie nini. Natafuta mahali uliponikosea, naona mlango wa choo."

"Nisamehe."

"Kula kwanza. Chakula kinapoa."

Alikula huku analia, na binti akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

*

Jumamosi darasa la sita lilijaa hadi madirishani. Meza ya mwalimu ilikaliwa na mwenyekiti wa chama na watu wake watatu. Mheshimiwa hakuwekewa kiti. Alisimama kidogo, akaona hakuna anayesogea, akajibana kwenye dawati la wanafunzi la mstari wa mbele, magoti yamegusana na mbao, kama mtoto aliyekuja bila kazi ya nyumbani.

Shemeji hakualikwa. Alikuja na binti yake, akasimama mlangoni. Mwenyekiti alimwona.

"Kikao hiki ni cha wananchi," akasema. "Wageni watatusubiri nje."

"Huyo ndiye kiini chenyewe," sauti moja ikatoka nyuma. "Anaitaka ardhi yetu kupitia mlango wa chumbani."

Watu wakacheka. Katika waliocheka alikuwamo mtu aliyekalia kochi la Shemeji kila jioni, na mwingine aliyebebewa jeneza la mama yake na Shemeji huyohuyo, bega kwa bega. Mwalimu mstaafu alisimama kutoka kwenye nafasi yake, akamwonyesha Shemeji aje aketi hapo, naye akabaki amesimama. Mwenyekiti alifungua mdomo, akakutana na macho ya mtu aliyemfundisha hesabu, akaufunga.

"Tueleze," akamwambia Mheshimiwa. "Mara tano ulikuwa wapi? Waliokuchagua hapa wanataka jibu, si siasa."

Alikuwa ameandaa maneno usiku mzima: safari ya kikazi, kamati, afya. Wenzake bungeni walimtumia hata barua ya daktari iliyo tayari, imebaki jina tu. Alimtazama mumewe, aliyekaa wima pale alipokalishwa, mikono juu ya magoti.

"Nilikuwa chooni," akasema. "Mara zote tano. Nilijificha."

Mtu mmoja akaguna, kisha darasa lote likaangua kicheko. Kilikuwa kicheko kirefu, cha kupokezana, kikizimika upande huu kinawaka upande ule. Mheshimiwa alikikalia bila kusogea. Binti yake alitoka nje. Mwanamke mzee mshona nguo, aliyemlipia Mheshimiwa sare ya shule alipokuwa mdogo, alisubiri hadi watu walipochoka.

"Mwanangu," akasema, "tulikupa kiti bungeni. Hatukukutuma ukakalie kile kingine."

Wakacheka tena, ila yeye hakucheka. "Mimi nina kiwanja kimoja, na nakiogopea. Wakija matajiri wa nchi zile wakapanda bei, wanangu watanunua wapi? Labda nakosea, sikusoma. Lakini nilidhani kuna mtu pale anaogopa pamoja nami. Kumbe kiti kitupu. Jumanne, sema chochote utakachosema. Lakini uwe ndani."

Mwenyekiti alitaka kuongeza la kwake kuhusu nidhamu ya chama na uchaguzi ujao. Watu walikuwa wameshaanza kuinuka.

*

Jumapili mchana karakana ilikuwa imefungwa kwa wateja, lakini Shemeji alikuwa ndani na kiti cha Mwalimu. Alikuwa ameking'oa chote hadi kwenye mifupa ya mbao. Mheshimiwa aliingia na chai, akaiweka juu ya cherehani, akabaki amesimama.

"Nikusaidie?"

"Shika huu mkanda. Vuta kwa nguvu zote, nami nipige msumari. Ukilegeza, mtu atazama."

Alivuta. Zamani, kabla ya siasa, ndivyo walivyofanya kazi: yeye anavuta, mumewe anagonga. Walifunga mikanda minne. Alikuwa amesahau jinsi kazi hiyo inavyouma vidole.

"Nimeamua," akasema. "Jumanne nitasema Ndiyo. Kwa ajili yako. Kiti waninyang'anye, nitarudi kushona mito ya makochi."

Nyundo ilisimama.

"Usinifanyie hivyo."

"Si ndicho ulichokitaka miaka yote hii?"

"Nakitaka. Wallahi nakitaka. Nataka nisipange tena foleni ile, kijana wa umri wa binti yangu ananiuliza mbele za watu, unakaa hapa kwa nani. Nataka siku nikifa mtu asiulize kama naruhusiwa kuzikwa. Lakini nijibu kitu kimoja. Kama ungeolewa na fundi bomba wa mtaa wa pili hapo, mtu wa hapa hapa, ungesemaje Jumanne?"

Alijua kwamba akichelewa kujibu, amejibu. Hata hivyo alichelewa. Aliyajua vizuri yaliyomo kwenye muswada ule, kuliko mwenyekiti, kuliko gazeti. Alijua kifungu kinachofungua ardhi kabla ya kuweka ulinzi wowote, na alijua kwamba marekebisho aliyoyaandika kwa mkono wake hayakusomwa na mtu, kwa sababu siku ya kuyasoma mwenye marekebisho hakuwepo.

"Ningesema Hapana," akajibu. "Si kwa chuki. Wameuandika vibaya. Yule mama mshona nguo anaogopa kitu cha kweli."

Shemeji alitikisa kichwa, akatafuta msumari kwenye kopo, akauangusha, akautafuta sakafuni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Inauma?" mkewe akamuuliza.

"Inauma."

"Sana?"

"Sana. Shika hapo, unalegeza."

Alivuta mkanda kwa uzito wake wote. Mumewe akagonga msumari, wa pili, wa tatu. Kisha akaiweka nyundo chini, akaishika ile mikono yake iliyokuwa imechubuka, akaipuliza kama alivyompuliza binti yao zamani alipoanguka.

"Kura si yangu," akasema. "Ingekuwa yangu ningekuomba. Ni ya wale waliokucheka jana, hata yule mpumbavu wa mlango wa chumbani. Nenda ukawe ndani, useme unachokiamini. La kwangu mimi nitajua pa kuliweka."

Aliegemeza paji la uso kwenye bega lake lililojaa vumbi la sponji, na wakakaa hivyo mpaka chai ikaota utando juu.

*

Jumanne saa nane mchana Mwalimu alikuja kuchukua kiti. Kilikuwa tayari, kimevaa kitambaa cha kijani kibichi, kimesimama katikati ya karakana kama bwana harusi. Mwalimu alikikalia, akajinyosha, akafumba macho, akasema amerudi nyumbani. Lakini hakuondoka. Redio ilikuwa imewashwa.

Karani wa Bunge aliita majimbo kwa sauti ya mtu asiyejali chochote. Ndiyo. Hapana. Hapana. Ndiyo. Hakuwepo. Kwa kila Hakuwepo Shemeji alikunja uso. Binti aliingia kutoka duka la dawa akihema, amemwomba mwenzake amshikie zamu, akasimama nyuma ya baba yake.

Karani akaliita jimbo lao.

Hapakuwa na jibu. Redio ilikwaruza. Mwalimu alikaza mikono juu ya egemeo jipya. Kwa aibu ya Shemeji mwenyewe, sehemu moja ndogo ya moyo wake iliomba mkewe awe amekwenda kulekule chooni, ili neno lile lisisemwe.

Karani akaita mara ya pili.

"Nipo," sauti ya Mheshimiwa ikasema, ya mbali na yenye kutetemeka. "Nipo hapa. Mume wangu ananisikiliza, na watu wangu wananisikiliza, nataka wajue kwamba nipo."

Minong'ono ikapita bungeni, na vicheko viwili vitatu. "Mheshimiwa," karani akasema, "jibu ni neno moja."

"Hapana."

Mwalimu alipiga makofi mawili kabla hajajijua, kisha akaiacha mikono hewani.

"Piga tu, Mwalimu," Shemeji akasema, akijifuta macho kwa kitambaa cha kijani kilichobaki. "Wewe ndiye uliyemtuma."

"Nisamehe, Shemeji."

"Nani kakwambia nimekasirika? Umemsikia alivyosema nipo?"

Muswada ulianguka kwa tofauti ya kura thelathini na moja. Ile ya Mheshimiwa haikuongeza wala kupunguza kitu, magazeti hayakuitaja, na mwenyekiti wa chama alikuwa ameshaanza kumtafuta mtu mwingine wa kugombea. Mwalimu akapakia kiti chake kwenye toroli, akaaga kwa kumshika Shemeji mkono kwa mikono yake yote miwili, akaondoka akisukuma polepole, asikikwaruze.

Shemeji alikaa, akapiga simu ng'ambo. Alitaka kaka yake alisikie jambo hili kutoka kwake mwenyewe.

"Kaka, shikamoo. Nina neno. Nilikuambia mke wangu amesema Ndiyo mara tano. Si kweli. Hakusema kitu, alijificha. Sikujua. Leo hakujificha, na amesema Hapana."

Binti aliukaribia mgongo wa baba yake, akamwekea mkono begani, akaisikia sauti ya baba yake mkubwa ikitoka kwenye simu, nzito na yenye uchungu.

"Mke wako mwenyewe, mdogo wangu? Mbele ya dunia nzima?"

"Mwenyewe."

"Basi funga karakana, rudi nyumbani. Chumba chako kipo, hakuna aliyekigusa. Usizeekee kwa watu wasiokutaka."

Shemeji alitazama nje. Mwalimu alikuwa amefika kona ya barabara, na yule mtu wa kochi la kila jioni, aliyecheka Jumamosi, alikuwa ameshika upande mmoja wa toroli, anamsaidia kulivusha mfereji.

"Niko nyumbani, kaka," akasema. "Acha nikate simu. Mke wangu anarudi jioni, na sijabandika hata maji."